Kuandaa Onyesho la Pikipiki za Zamani la Kuchangia Hospitali

Maelekezo haya ni kwa klabu yenye pikipiki kati ya kumi na tano na arobaini, katika mji wowote wa Tanzania, inayotaka kufanya onyesho la siku moja na kukabidhi msaada hospitalini. Pikipiki zenyewe ni zile ambazo vijana wa bodaboda husimama kuzitazama: Honda C50 na C70, CG125 za volti 6, XL125S, Yamaha AG100 na DT175, Suzuki A100, Vespa hasa za kutoka Zanzibar, na mara chache BSA au Triumph iliyosalia tangu kabla ya Uhuru.

Mtu halipi kiingilio ili aone rangi mpya, maana hiyo anaiona bure kila siku barabarani. Analipa kuona mashine aliyopanda babu yake ikiwaka mbele ya macho yake. Vivyo hivyo hachangii "wenye uhitaji" wasiojulikana. Anachangia magongo jozi arobaini ambayo ataona yakikabidhiwa. Pikipiki inayowaka na pesa inayoonekana ndiyo mambo mawili ya kupewa muda mwingi. Mengine yote, muziki, fulana, mgeni rasmi, yatafuata.

Anzieni wodini

Miezi mitatu kabla, nendeni kwa Mganga Mfawidhi wa hospitali na barua ya klabu, mkaombe orodha ya mahitaji ya wodi moja. Wodi ya mifupa inafaa kuliko nyingine, kwa kuwa majeruhi wa ajali za pikipiki hulazwa humo, na hakuna atakayeuliza kwa nini mmeichagua. Aliye na majibu ya kweli ni muuguzi kiongozi wa wodi. Ataje kinachokosekana: magongo, viti vya magurudumu, bandeji za plasta, mashuka, mipira ya ncha za magongo (hii huisha haraka na karibu hakuna mfadhili anayeikumbuka). Mwulizeni na saizi. Gongo la mtu mzima lisilorekebishika halimfai mtoto wa miaka kumi, na kiti chenye matairi membamba hakitoki nje ya korido pale ambapo njia ni za mchanga.

Chagueni vitu viwili au vitatu tu, chukueni bei kwenye maduka mawili ya vifaa tiba, kisha lengo liandikwe kwa idadi: magongo jozi 40, viti 4. Idadi hiyo itajwe kwenye kila tangazo. Hospitalini mtakabidhi vitu, si fedha taslimu. Hivyo mtakuwa na cha kuonyesha, na hospitali haitaulizwa maswali kuhusu bahasha.

Upo mchango mwingine usiohitaji hata shilingi. Ombeni timu ya Mpango wa Taifa wa Damu Salama kupitia benki ya damu iliyo karibu, ije siku hiyo. Iandalieni hema lenye kivuli kizuri, meza mbili, viti kumi, maji ya kunywa na soda. Mchangiaji awe na miaka 18 hadi 65 na uzito usiopungua kilo 50. Mwanamume anaweza kuchangia kila baada ya miezi mitatu, mwanamke kila baada ya miezi minne. Hema hilo likae mbali na eneo la kuwashia injini, upande ambao upepo hauleti moshi. Na aliyekuja akiendesha pikipiki yake apumzike vya kutosha baada ya kutoa damu kabla hajapanda tena; kizunguzungu cha barabarani si jambo la kujaribu.

Tarehe, uwanja na vibali

Epukeni masika, Machi hadi Mei, na vuli, Oktoba hadi Desemba. Salama zaidi ni Juni hadi Septemba, na humo nako wiki ya Sabasaba na ya Nanenane huvuta watu kwenye viwanja vya maonyesho. Angalieni kalenda ya mwezi wa Ramadhani, kisha ratiba ya ligi: siku ya Simba na Yanga msipange chochote kabisa. Jumamosi ya kwanza baada ya mishahara ya serikali kutoka ndiyo siku bora kwa pesa.

Uwanja wa shule ya sekondari unafaa ukiwa na uzio na mageti mawili. Mageti mawili si anasa: moja la watu, jingine la pikipiki. Penye geti moja, ifikapo saa nne asubuhi pikipiki iliyochelewa itapita katikati ya watoto, na hapo ndipo ajali hutokea. Uwanja mmoja wa mpira wa miguu unatosha pikipiki 40, mahema, vibanda na maegesho ya bodaboda zinazoleta wageni.

Barua zitoke siku 30 kabla: kwa mwenye uwanja, serikali ya mtaa, ofisi ya kata na kituo cha polisi. Halmashauri mwiulize kama kukusanya michango ya hadhara kunahitaji kibali chake. Mkipiga muziki uliorekodiwa, ulizeni COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kuhusu leseni yake. Bahati nasibu iacheni, kwani iko chini ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha na inahitaji leseni. Ipo njia nyingine ya kupata pesa ile ile, nayo inafuata huko chini. Waandikieni pia Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Hata wasipoleta gari, waombeni wakague mpangilio wenu, na namba yao ya dharura, 114, ibandikwe kwenye kila hema.

Pikipiki isiyo na bima hai isipite barabarani kwa kisingizio cha onyesho. Ije kwa kirikuu au Canter. Ifungwe kwa mikanda minne ya kukaza, gurudumu la mbele likiegemea ukuta wa mbele wa gari, shokapu za mbele zikiwa zimeminywa kama nusu ya mwendo wake. Vipande vya mpira wa tyubu tunavyofungia mizigo havifai hapa: vinanyumbuka, pikipiki inacheza kila kwenye tuta, na mwishowe inalala na kupinda usukani. Angalieni pia mkanda usipite juu ya waya wa klachi au wa breki.

Pikipiki iliyolala miaka mingi

Hapa ndipo kazi kubwa ilipo, na kila mwenye pikipiki aianze wiki sita kabla. Wiki moja haitoshi, kwa sababu kitakachokosekana kitakuwa kipira kidogo cha kuagizwa Dar es Salaam.

Anza na tangi. Petroli iliyokaa muda mrefu hunuka kama vanishi na huacha gundi ya kahawia. Imwage yote, kisha toa koki na kifuniko, maana vimetengenezwa kwa madini mepesi ambayo siki itayala. Ziba tundu la koki kwa kizibo cha mpira. Jaza siki nyeupe ya asilimia 5 hadi juu kabisa. C50 itakula kama lita tatu, CG125 zaidi ya mara tatu ya hapo. Ukijaza nusu, kutu itabaki juu ya mstari wa siki. Acha saa 24, tazama kwa tochi, na ikibidi ongeza siku moja. Kutu ikiwa nene, mwaga siki nusu, tia nati ndogo au vipande vya cheni ya baiskeli, tikisa kwa dakika kumi. Zihesabu kabla ya kuziingiza, uzihesabu tena zikitoka. Nati iliyobaki ndani itakuja kukaa juu ya tundu la koki siku ya onyesho.

Baada ya siki suuza kwa maji yenye magadi soda, vijiko viwili vya chakula kwa lita, ili asidi iishe nguvu. Suuza tena kwa maji safi mara mbili, anika juani mdomo ukiangalia chini, na papo hapo linapokauka tia petroli kidogo iliyochanganywa na oili, ulizungushe tangi lote ndani. Chuma kilichotoka kwenye siki huanza kutu jipya ndani ya dakika chache, kwa hiyo kazi hii isikatizwe kwa chakula cha mchana. Asidi ya betri isitumike: inatoboa tangi jembamba na kubabua rangi.

Koki ndiyo inayovujisha pikipiki nyingi za maonyesho. Ndani yake mna kipira chenye matundu manne ambacho hukauka na kupasuka. Kibadilishe hata kama bado kinaonekana kizima. Kisha fungua kabureta. Jeti ndogo ya sailensa (tundu linalopitisha mafuta injini ikiunguruma taratibu) ndiyo huziba kwanza, nayo ndiyo inayofanya injini iwake kwa choki tu na kuzima choki ikirudishwa. Izibue kwa uzi wa nailoni wa mshipi wa kuvulia na upepo wa kompresa. Sindano ya chuma hupanua tundu, na ukishalipanua pikipiki itakula mafuta siku zote. Angalia sindano ya floti: ikiwa na mkwaruzo wa duara kwenye ncha, haitazuia tena. Kwenye injini za stroki mbili, zile zinazochoma oili pamoja na petroli, petroli inayovuja hapo huingia hadi chini ya pistoni, na kiki inaweza kugoma kabisa. Kwenye stroki nne huingia kwenye oili. Nusa kipimio cha oili, kikinuka petroli, mwaga oili yote kabla ya kuwasha.

Sasa umeme. Plagi ipimwe kwa fila geji (vibati vya kupimia uwazi), uwazi 0.6 hadi 0.7 mm. Pointi (swichi ndogo inayoleta moto wa plagi) za C50, C70 na CG125 zifunguke 0.3 hadi 0.4 mm. Pointi zilizolala huota utando mweupe unaozuia moto usipite. Ziguse kwa msasa laini sana, halafu pitisha kikaratasi kisafi katikati yake kuondoa vumbi, la sivyo utarudi hapo hapo baada ya saa moja. Wengi hubadilisha plagi tatu na koili moja kabla ya kukumbuka kikaratasi hicho.

Betri za volti 6 si rahisi kuzipata siku hizi. Hizo Honda ndogo zenye pointi na sumaku huwaka bila betri, ila honi na indiketa hazitafanya kazi. Taa kubwa na taa ya nyuma zinapata umeme moja kwa moja kutoka kwenye koili ya sumaku, bila kidhibiti, na zimepigiwa hesabu ya balbu zote pamoja. Balbu moja ikiungua, umeme wake unahamia kwa nyingine, nayo inafuata ukipandisha moto. Kwa hiyo balbu zote ziwe za wati zilizoandikwa kwenye taa, na usiweke ya volti 12 mbele ukidhani umeokoa kitu.

Valvu zipimwe injini ikiwa baridi, alama ya T ya kwenye sumaku ikiwa imelingana na pistoni iko juu kwenye mgandamizo: 0.05 mm kwa C50, C70 na C90, 0.08 mm kwa CG125, valvu zote mbili. Kama kuna kelele ndogo ya tiki-tiki baada ya hapo, iache. Valvu iliyobanwa mno haina kelele, lakini haifungi, na injini inakataa kuwaka ikishapata joto. Ndivyo inavyokwama mbele ya umati baada ya kuwaka vizuri nyumbani alfajiri.

AG100 na DT175 zina pampu ya oili ya stroki mbili. Ikiwa kitangi cha oili kilikauka, kuna hewa kwenye paipu. Mpaka utoe hewa hiyo na uone oili ikitembea, tia oili kwenye petroli pia, 20 ml kwa kila lita. Vespa hazina pampu hiyo kwa sehemu kubwa: za zamani zaidi zinataka 50 ml kwa lita, za baadaye 20 ml. Jua yako ni ipi kabla ya kuchanganya, maana 20 ml kwenye injini ya 50 ni pistoni iliyokwama.

BSA na Triumph za stroki nne zina tabia yao. Oili hukaa kwenye tangi lake pembeni, na pikipiki ikisimama wiki kadhaa huteremka polepole hadi chini ya injini. Ukiwasha hivyo, moshi mweupe utafunika uwanja na oili itatoka kila pahali. Fungua nati ya chini ya injini siku moja kabla, chuja oili iliyotoka, irudishe kwenye tangi lake. Ukiwasha, fungua kifuniko cha tangi uone oili ikirudi kwa kurukaruka. Isiporudi ndani ya dakika moja, zima.

Matairi yaliyopasuka ubavuni yabadilishwe kwa pikipiki itakayoendeshwa. Tairi la kuanzia mwaka 2000 lina tarakimu nne za wiki na mwaka: 2309 ni wiki ya 23 ya mwaka 2009. Namba ikiwa na tarakimu tatu, tairi ni la karne iliyopita, hata kama kashata zake zimesimama kama jipya.

Kung'arisha bila kufuta historia

Rangi ya kiwandani iliyofifia ina thamani kuliko rangi mpya ya gereji. Ioshe kwa maji na sabuni ya kawaida, kausha, jaribu polishi sehemu iliyojificha chini ya kiti, na ukiona rangi inakuja nyingi kwenye kitambaa acha hapo. Stika ya kiwanda iliyochanika ibaki.

Kromu yenye madoa ya kutu isuguliwe kwa karatasi ya foili ya jikoni iliyolowa maji, kwa mkono mwepesi. Foili ni laini kuliko kromu lakini inatosha kuondoa kutu. Stili waya ya kusugulia masufuria inaacha mikwaruzo ambayo haitoki tena. Kava za aluminiamu zianze na msasa wa 400 zikiwa zimeungua sana, kisha 800, kisha 1200, zote kwa maji, ndipo polishi. Namba za injini na fremu zisiguswe na msasa wowote. Namba iliyofifia kwa kung'arishwa inafanana na namba iliyofutwa na mwizi, na hakuna maelezo yatakayomridhisha askari.

Kadi ya maelezo

Kila pikipiki iwe na kadi ya ukubwa wa A4, herufi kubwa zinazosomeka kwa mtu aliye hatua mbili nyuma. Jina, aina, mwaka, cc, imefanya kazi gani na wapi. Mwaka usiuchukue kwenye kadi ya usajili peke yake, kwa kuwa huo unaweza kuwa ni mwaka wa kusajiliwa. Linganisha na mwanzo wa namba ya fremu. Vespa yenye namba inayoanza na VBB, kwa mfano, ni ya cc 150 ya miaka ya 1960.

Halafu weka sentensi mbili zinazomfanya msomaji aiangalie tena pikipiki. Honda walianza kuuza Super Cub mwaka 1958, na kufikia 2017 familia hiyo ya pikipiki ilikuwa imefikisha milioni 100 zilizotengenezwa. Kwenye CG125 waliacha cheni ya ndani inayoendesha kamshafti ya juu wakatumia fimbo za kusukuma valvu, kwa sababu waliona kwamba wateja wa nchi kama zetu hawabadilishi oili kwa wakati, na cheni hiyo ilikuwa inaisha. AG100 ilibuniwa kwa wafugaji wa Australia na New Zealand; ndiyo maana cheni yake imefunikwa yote na ina stendi kila upande. BSA Bantam ilichorwa kutokana na DKW RT125 ya Ujerumani, iliyochukuliwa baada ya Vita Kuu ya Pili. Kijana wa bodaboda anayeendesha pikipiki ya injini ya fimbo, aina iliyotokana na hiyo CG125, atakaa hapo muda mrefu kuliko mahali pengine popote uwanjani.

Kupanga uwanja

Pikipiki zipangwe kwa safu za kumi, mita mbili kati ya moja na nyingine, ili mtu apige magoti aangalie injini bila kuegemea ya jirani. Kamba iwekwe mita moja mbele. Njia kati ya safu na safu iwe mita tatu, kiti cha magurudumu kipite.

Chini ya kila stendi wekeni kipande cha ubao cha sentimita 15 kwa 15. Kwenye nyasi stendi inazama taratibu. Kwenye lami pia inazama, maana jua la saa sita linailainisha, na pikipiki ya kwanza ikianguka itaibeba ya pili. Chini ya injini wekeni boksi lililokunjuliwa, kisha trei kwa zile zinazodondosha. Petroli isizidi lita mbili kwa pikipiki, koki imefungwa, na waya mmoja wa betri umetolewa. Tangi lililojazwa hadi mdomoni alfajiri litavujia kwenye kifuniko mchana, kwa kuwa petroli inatanuka kwa joto.

Mitungi ya kuzimia moto iwe ya unga, kilo 6, mmoja kwa kila pikipiki kumi na mmoja wa ziada eneo la kuwashia, pamoja na ndoo za mchanga. Moto wa petroli haumwagiwi maji, yanausambaza. Jiko la nyama choma likae mita 30 au zaidi, pembeni ya mwelekeo wa upepo. Hivyo moshi wake hautarudi kwenye safu, wala mvuke wa petroli hautapelekwa kwenye makaa.

Pikipiki ziingie kati ya saa moja na saa mbili na nusu asubuhi. Saa tatu geti lao linafungwa, linafunguliwa la watu. Kuanzia hapo hakuna pikipiki inayotembea ndani hadi saa kumi na moja jioni, hata ya mwenyekiti wa klabu.

Saa ya kuwasha

Panga mara mbili: saa tano asubuhi na saa tisa alasiri, na zitangazwe mapema, kwa sababu ndizo zinazowaleta watu na kuwabakiza. Tengeni eneo la mita 10 kwa 10 lililozungushiwa kamba pande zote. Zisukumwe tano kwa wakati, injini zikiwa zimezimwa, na anayewasha awe mwenye pikipiki.

Injini inayopozwa kwa hewa ikisimama mahali pamoja haipati upepo, kwa hiyo dakika mbili zinatosha. Vespa zina feni yao na zinaweza kuunguruma zaidi, basi ziacheni ziwe za mwisho. Mtangazaji aeleze anachokisikia mtu: mlio wa stroki mbili wa DT, tofauti yake na CG, kwa nini BSA inapiga taratibu vile.

DT175 na XL125S zina bomba la moshi lililopanda juu, sawa na mkono au uso wa mtoto. Zikizimwa hubaki za moto kwa dakika ishirini au zaidi, hivyo zirudishwe kwenye safu bomba likiwa upande usio na watu, na kijana mmoja wa klabu asimame hapo. Aliyeungua amwagiwe maji safi yanayotiririka kwa dakika 20. Dawa ya meno, asali na yai vinashikilia joto na kuleta uchafu kwenye kidonda. Wahudumu wa Msalaba Mwekundu wawe jirani, na neno lao lifuatwe.

Waamuzi

Waamuzi watatu, wasiokuwa na pikipiki kwenye shindano. Alama 100: uhalisia wa vipuri 30, injini na uwakaji 30, rangi na kromu 15, chini na magurudumu 15, kadi na uthibitisho wa historia 10. Mwamuzi aandike papo hapo, alama zijumlishwe na mtu wa nne. Uwakaji ukipewa uzito huu, mwenye pikipiki ya kazi iliyotunzwa anaweza kumshinda mwenye pesa ya rangi, na mwaka unaofuata mtaona pikipiki zaidi kutoka vijijini. Wekeni tuzo moja kwa pikipiki ambayo bado inafanya kazi kila siku.

Pesa

Tafuteni kwanza wa kulipia gharama, mahema, maji, vyoo, umeme, kabla hata tiketi moja haijauzwa. Duka la vipuri, kituo cha mafuta na gereji kubwa ndio wa kuwaendea, nao wapewe bango. Gharama zikishafunikwa mnaweza kuandika kwamba kila shilingi ya getini inakwenda wodini. Zisipofunikwa, msiandike hivyo.

Hesabu ya mfano: pikipiki 25 kwa ada ya Sh 10,000 ni 250,000. Watu 400 kwa Sh 2,000 ni 800,000. Vibanda 6 kwa Sh 50,000 ni 300,000. Kura 600 kwa Sh 500 ni 300,000. Jumla Sh 1,650,000. Lengo lenu la magongo na viti lipimwe kwa hesabu ya aina hii, na idadi ya watu ikadiriwe kwa kiwango cha chini.

Kura hizo ndizo zinazochukua nafasi ya bahati nasibu. Mgeni ananunua kura kwa Sh 500, anachagua pikipiki anayoipenda, anaweza kununua hata ishirini. Hakuna anayeshinda pesa. Pikipiki yenye kura nyingi inapata kombe la wananchi. Makopo yasiwekwe mbele ya pikipiki, yataondoka. Iwepo meza moja yenye sanduku lenye vyumba vilivyopewa namba, na anayelipa kwa lipa namba aonyeshe ujumbe wa muamala mezani ndipo apewe vikaratasi vya kura. Matokeo ya muda yatangazwe kila saa, kwani ushindani wa familia na mitaa ndio unaopandisha.

Tiketi ziwe na namba mfululizo. Kila meza ya pesa iwe na watu wawili wasio wa familia moja. Lipa namba isomeke jina la klabu, si la mtu. Saa kumi na moja na nusu pesa zihesabiwe uwanjani mbele ya mwakilishi wa hospitali na wa serikali ya mtaa, fomu isainiwe na wote, na jumla itangazwe kwa kipaza sauti kabla watu hawajaondoka. Pesa taslimu ziwekwe kwa wakala au benki jioni hiyo hiyo, zisilale kwa mhazini.

Vifaa vinunuliwe ndani ya siku 14. Kila kiti cha magurudumu kiandikwe jina la wodi kwa rangi kwenye fremu, la sivyo ndani ya miezi michache kitakuwa wodi nyingine au getini. Makabidhiano yafanyike kwa hati inayotaja idadi, aina na namba za risiti, nakala tatu: moja ya hospitali, moja ya klabu, moja ibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa serikali ya mtaa pamoja na hesabu yote ya mapato na matumizi. Msiombe wagonjwa wapigwe picha. Baada ya miezi mitatu watu wawili wa klabu warudi wodini kuangalia ni mipira mingapi ya magongo imeisha, wakanunue mingine.